Jiko la Kamukunji na Biashara Iliyolitangulia

Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa jijini Nairobi kuhusu nishati mpya na nishati jadidifu. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa mwaka 1973, ikapaa tena 1979, na wataalamu walikuwa wameanza kuonya kwamba maskini wa Afrika na Asia wana shida yao nyingine ya nishati, shida ya kuni na mkaa, isiyopata nafasi katika kurasa za mbele za magazeti. Katika fikra za wakati ule teknolojia ilikaa upande mmoja, wahitaji wakakaa upande wa pili, na kazi iliyobaki ikawa kutafuta njia ya kuivusha. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka katikati ya jiji, pale Kamukunji karibu na Shauri Moyo, mafundi walikuwa juani wakigonga mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi na kuyageuza kuwa majiko, makarai na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Miaka michache baadaye, kifaa cha nishati kilichoenea kuliko karibu vingine vyote vya kipindi kile kilitoka mikononi mwa mafundi hao: jiko la mkaa lenye bati nje na udongo ndani. Historia yake huelezwa kama ushindi wa ubunifu. Mimi naisoma vingine. Naona lilifaulu kwa sababu lilikuta biashara iliyokwisha kukomaa, yenye wateja, wachuuzi, mafundi na wanagenzi wake, na kwamba fedha za umma zilifanya kazi ndogo lakini ya lazima: zililipia makosa ya mwanzo.

Biashara hiyo ina mizizi mirefu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilileta maelfu ya vibarua na mafundi kutoka India, na inaaminika kwamba hao ndio walioleta jiko la bati la kupikia kwa mkaa. Wahindi waliobaki wakafungua karakana mijini. Waafrika waliingia humo kama vibarua, wakashika nyundo na tindo, wakajifunza kwa macho, na baadaye wakatoka kwenda kujitegemea na kuwafundisha wengine. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika, aliufuata mnyororo huo wa ufundi kutoka karakana ya Mhindi hadi kwa mwanagenzi wa mwanagenzi. Jambo la kuzingatia ni kwamba mnyororo huo uliundwa bila chuo, bila mkopo wa benki na bila kibali. Ulipofika miaka ya 1970, Nairobi ilikuwa na kundi kubwa la watu wanaojua kukata bati bila kupoteza hata kipande cha kutengenezea bawaba, wanaojua mama wa Eastleigh anataka jiko la ukubwa gani na wa Machakos anataka la ukubwa gani, na wanaojua pipa tupu linauzwa bei gani leo na litauzwa bei gani mwisho wa mwezi. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly uliandika kwamba watu hao walikuwa wakizalisha mali na kujipatia riziki kwa juhudi zao, na ukaitaka serikali iache kuwabomolea na kuwasumbua. Ushauri huo haukufuatwa upesi. Kwa miaka mingi fundi wa jua kali, kama walivyoitwa hao waliofanya kazi juani, alijifunza kutandaza kazi yake kwa namna ambayo angeweza kuikusanya na kukimbia nayo askari wa baraza la jiji wakitokea.

Jiko la zamani walilolitengeneza lilikuwa rahisi na la bei nafuu, ila lilikula mkaa. Bati halizuii joto, kwa hiyo sehemu kubwa ya moto ilipotea kupitia ubavuni, ikampasha mpishi miguu na ikaacha sufuria ikisubiri. Katika vipimo, jiko la namna hiyo liliingiza chunguni kati ya asilimia 10 na 20 tu ya joto la mkaa. Nchini Thailand watu walikuwa wakipikia jiko la udongo lililovalishwa ndoo ya bati, na wataalamu waliofanya kazi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, miongoni mwao Mkenya Maxwell Kinyanjui, walilichukua jiko hilo kama mahali pa kuanzia. Lakini lilivyokuwa lisingefaa. Lilikuwa zito, na lilihitaji udongo mwingi kuliko ambavyo fundi wa bati angeweza kuupata na kuuchukua. Likabadilishwa. Bati likapewa kiuno katikati, jembamba, likapanuka juu na chini. Kikombe cha udongo uliochomwa kikawekwa katika nusu ya juu peke yake, ambako ndiko mkaa unawaka, kikakalia kile kiuno ili kisidondoke. Tako la kikombe likatobolewa matundu ya kupitisha hewa na majivu, hivyo chekeche ya chuma iliyokuwa ikiungua na kuanguka kila mara haikuhitajika tena. Nafasi kati ya udongo na bati ikajazwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Chini ukabaki mlango mdogo wa majivu, na juu vyuma vitatu vya kutegea sufuria. Jiko lililotengenezwa vizuri lilifikisha asilimia 25 hadi 40 ya joto chunguni.

Ukiyatazama mabadiliko hayo moja moja utaona kwamba kila moja lilitokana na hali ya fundi au ya mpishi. Kiuno kilikunjwa kwa zana zilezile alizokuwa nazo fundi: nyundo, tindo, mkasi wa bati na kipande cha reli cha kugongea. Bati lilitoka kwenye mapipa yaleyale. Vyuma vya kutegea sufuria vilipaswa kushika imara kwa sababu atakayelitumia jiko hilo atasonga ugali juu yake, na anayesonga ugali hutumia nguvu za mabega yote mawili. Jiko linaloyumba halifai hata kama vipimo vyake vya maabara vinapendeza. Kitu kipya kabisa kwa Kamukunji kilikuwa kikombe cha udongo tu, na hicho hakikuwa kazi ya fundi wa bati. Ikazaliwa kazi ya pili, ya wafinyanzi wenye kalibu na tanuri waliouza vikombe kwa jumla, na mafundi wa bati wakavinunua na kuvivalisha. Mgawanyo huo wa kazi ndio ninaouona kuwa moyo wa habari nzima. Hakuna kampuni moja iliyolazimika kumudu kila kitu. Mtu mwenye mtaji wa kununua pipa moja aliweza kuingia asubuhi na kutoka jioni na bidhaa.

Tukija kwenye fedha, mpango wa nishati jadidifu wa Kenya uliendeshwa chini ya Wizara ya Nishati kwa msaada wa shirika la Marekani la USAID, na umoja wa mashirika yasiyo ya kiserikali uliojulikana kama KENGO ukafanya sehemu kubwa ya mafunzo na matangazo. Walilipia safari za kujifunza, majaribio ya udongo wa sehemu mbalimbali, vipimo, na mafunzo ya mafundi. Hawakununua majiko wakayagawa, wala hawakumlipia mteja sehemu ya bei. Uamuzi huo ulionekana mgumu wakati ule. Jiko la kwanza liliuzwa kwa bei inayolingana na dola 15 hivi, na wanunuzi walikuwa wachache. Mafundi wengine wakaliiga kabla halijakamilika, vikombe vikapasuka baada ya wiki chache, saruji ikaachana na bati, na sifa ya jiko jipya ikaanza kuchafuka sokoni. Mpango mwingine wowote ungeweza kuishia hapo. Hapo wakufunzi walirudi Kamukunji na kushughulikia udongo, uchomaji na kipimo cha mchanganyiko, huku ushindani kati ya mafundi wenyewe ukishusha bei. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 jiko liliuzwa kati ya dola 1 na 3 kulingana na ukubwa na ubora. Mtafiti Daniel Kammen aliandika mwaka 1995 kwamba zaidi ya majiko 700,000 yalikuwa yakitumika Kenya, katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini, na kwamba watengenezaji zaidi ya 200 walikuwa wakitoa zaidi ya majiko 13,000 kwa mwezi. Muundo ulivuka mipaka ukaenda Tanzania, Uganda, Rwanda, hadi Senegal na Ghana.

Kuna watakaosema kwamba ninayoyaeleza ni mafanikio ya wafadhili, na kwamba bila dola za Marekani mafundi wa Kamukunji wangeendelea kutengeneza jiko la babu zao. Nusu ya neno hilo ni kweli, na ni nusu muhimu. Fundi anayekula leo kwa kuuza leo hawezi kuchoma vikombe mia moja ili ajue ni udongo upi unaopasuka. Hasara ya majaribio ingemwangusha, na faida ya majaribio ingechukuliwa na jirani yake aliyekaa hatua tatu kutoka kwake akitazama. Soko halilipii kazi ya namna hiyo mahali ambapo kila mtu ni mdogo. Ndiyo maana sikubaliani pia na wale wanaolisimulia jiko hili kama ushahidi kwamba biashara huria inatosha yenyewe. Lakini fedha zilezile, katika miaka ileile, zilitumika sehemu nyingi za Afrika kutengeneza majiko yaliyoishia stoo, na tofauti haikuwa kiasi cha fedha. Pale Kamukunji fedha zilikutana na watu waliokuwa tayari wanauza jiko, wenye wateja waliokuwa tayari wananunua jiko na waliokuwa tayari wanalipia mkaa kwa fedha taslimu, kwa gunia, kwa debe, au kwa mkebe mdogo wa siku moja. Mteja huyo hakuhitaji kufundishwa faida ya kubana matumizi. Aliyekuwa akinunua mikebe miwili akaanza kununua mmoja na nusu aliiona tofauti kabla mwezi haujaisha, na baada ya miezi michache bei ya jiko ilikuwa imerudi.

Pingamizi la pili linahusu hataza. Muundo haukufungiwa mtu, kila aliyetaka aliuiga, na wengi waliuiga vibaya. Hadi leo ukienda sokoni utakuta jiko lenye kikombe kisichoiva, lililopakwa rangi nzuri, likiuzwa kando ya lile zima, na mnunuzi hana namna ya kuyatofautisha. Hasara hiyo humwangukia mnunuzi maskini, na mamlaka za viwango zilichelewa sana kumsaidia. Nalikubali jambo hilo bila kulipunguza. Hata hivyo kuna la kupimwa upande wa pili wa mizani. Hataza ingehitaji mtu wa kuilinda, na mlinzi huyo angekuwa kampuni yenye wakili, ikiuza kwa bei ya kumlipa wakili. Bei isingeshuka kutoka dola 15 hadi 3. Uigaji ndio uliofanya kazi ya usambazaji ambayo hakuna mpango ungeweza kuilipia: fundi aliyejifunza Nairobi alirudi Nakuru au Kisumu na ufundi kichwani. Kilichokosekana kilikuwa alama ya ubora ambayo fundi mzuri angeweza kuipata kwa gharama anayoimudu, na ambayo mteja angeitambua. Hilo lingeweza kufanywa bila kumfungia mtu yeyote mlango.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na linaonyesha pia mpaka wa hoja yangu. Jiko la mkaa ni la mjini. Kammen alipohesabu zaidi ya nusu ya nyumba za mijini, vijijini ilikuwa asilimia 16 hivi, na kijijini ndiko waliko watu wengi na ndiko uliko umaskini mkubwa. Mwanamke anayeokota kuni halipi fedha. Analipa kwa mgongo na kwa saa za mchana. Jiko likimpunguzia kuni, akiba yake haiingii mkononi kama shilingi anayoweza kumpa fundi. Wala hakukuwa na fundi wa kumpa, kwa sababu mafiga matatu hayana mtengenezaji. Kuanzia mwaka 1983 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilishirikiana na shirika la Kijerumani la GTZ kueneza jiko la kuni lenye kikombe cha udongo kinachojengewa jikoni, na baadaye shirika la ITDG likaendeleza kazi hiyo magharibi mwa Kenya kwa jina la Upesi. Huko waliokuwa tayari na ujuzi walikuwa wafinyanzi wanawake, na vikundi kama kile cha Keyo karibu na Kisumu viliweza kuigeuza kazi ya udongo kuwa biashara ya vikombe vya jiko. Safari ilikuwa ndefu zaidi: kusafirisha kikombe kizito kisichovumilia barabara mbovu, kutafuta mtu wa kukijenga nyumbani kwa mteja, kumshawishi mwenye nyumba atoe fedha kwa ajili ya kitu ambacho hakijawahi kugharimu fedha. Yaliyopatikana huko yalipatikana kwa miaka mingi ya msaada, na mimi silioni hilo kama dosari ya mpango. Mahali pasipo na biashara ya kupokea teknolojia, gharama ya kuijenga biashara hiyo ni lazima ilipwe na mtu, na kumwambia mwanamke wa kijijini kwamba soko litamfikia ni kumwacha.

Yaliyotokea nje ya Kenya yanaiongezea hoja yangu uzito. Jijini Kigali muundo wa Kenya haukupokelewa kama ulivyo. Wapishi na wauzaji waliulizwa, na umbo, rangi na mlango vikarekebishwa kabla ya jiko kuanza kuuzika. Dar es Salaam, ambako shirika la viwanda vidogo, SIDO, lilikuwapo tangu 1973 na shirika la nishati la TaTEDO likaja mwaka 1990, jiko bora liliingia kupitia mafundi wa bati wa mitaani, kwa njia inayofanana sana na ya Kamukunji.

Kuhusu misitu, ambayo ndiyo iliyotajwa zaidi katika maombi ya fedha, inafaa kusema wazi kwamba haikuokolewa. Miji iliongezeka watu, mkaa ukaendelea kuchomwa katika matanuri ya ardhini yanayopoteza sehemu kubwa ya mti, na kwa muda mrefu sheria iliuacha mkaa katika utata: kuuza mjini kulivumiliwa, kuuchoma na kuusafirisha kukawa mlango wa rushwa barabarani. Kanuni za mkaa za Kenya zilikuja mwaka 2009 tu. Jiko lilipunguza mkaa wa kila chungu, na bila shaka hali ingekuwa mbaya zaidi bila hilo. Lakini lilinunuliwa kwa sababu ya mfuko wa mpishi, na faida yake kuu ilibaki humo. Sioni sababu ya kuionea haya. Shilingi iliyobaki kwenye kanga ya mama wa Kibera ni maendeleo hata kama hakuna mti uliosimama kwa ajili yake.

Serikali iliwatambua mafundi wakiwa wamekwisha kufanya kazi kubwa. Novemba 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji na kuahidi vibanda, vikajengwa. Mwaka 1992 ukatoka waraka rasmi wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali, na mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya biashara ndogo. Kivuli ni kitu kizuri kwa mtu anayegonga bati saa sita mchana, na jina la jua kali likageuka kutoka tusi hadi sekta. Suala la ardhi ndilo lililobaki nyuma. Fundi asiye na uhakika wa mahali pake hanunui mashine ya kukatia bati, kwa sababu mashine haikimbii naye kama nyundo. Hajengi tanuri bora, kwa sababu tanuri halihami. Mengi yanayolaumiwa kama uduni wa kazi ya jua kali huanzia hapo.

Katika miaka ya 2010 historia iliingia hatua nyingine. Ruiru kikafunguliwa kiwanda cha Burn, kilichoanzishwa na Mmarekani Peter Scott, kikatoa Jikokoa: jiko la mkaa la kiwandani, la chuma, linalobana mkaa kuliko lile la udongo na kugharimu maelfu ya shilingi. Ni jiko zuri, na limeajiri watu wengi. Bei yake imesaidiwa na mauzo ya hewa ya kaboni, yaani fedha zinazolipwa na kampuni na nchi za mbali kwa kila tani ya hewa hiyo isiyotoka. Ili kupata fedha hizo ni lazima kila jiko liwe na namba, mnunuzi awe na simu iliyoandikwa, na mkaguzi aweze kwenda nyumbani kwake baada ya mwaka kuthibitisha kwamba bado analitumia. Kiwanda kinaweza. Fundi wa Kamukunji, anayemuuzia mchuuzi majiko ishirini yanayopakiwa juu ya basi la Kitui, hawezi, ingawa jiko lake nalo linabana mkaa na ingawa majiko ya wenzake yaliyobana mkaa tangu 1982 ni mengi mno. Kwa hiyo kifaa kinachosaidiwa bei leo ni kile cha mwenye mtaji mkubwa, na kinashindana na kile ambacho hakikuwahi kupewa ruzuku. Mwaka 1982 fundi hakuweza kugharamia kujua udongo upi unapasuka. Leo hawezi kugharamia kuhesabu na kuthibitisha. Ni gharama ya aina ileile, inayomzidi kila mmoja peke yake na kuwafaa wote kwa pamoja, na vyama vya jua kali vilivyokwisha sajiliwa pale pale Kamukunji vingeweza kuisimamia endapo Wizara ya Nishati na wafadhili wake wangeilipia kama walivyolipia kalibu na tanuri za kwanza.